Senene wa Kwenye Kopo

"Haya ni kweli tupu. Nikidanganya hata neno moja, nitanyonyoa gunia lile la senene peke yangu!" Mzee Rwegoshora aliapa, kiganja juu. Wajukuu walikuwa wamemsikia bibi yao, Ma Byera, akisema, "Senene aliyenyonyolewa hana ukoo," nao wakataka kujua chanzo.

Methali hii ilianza hivi, akasema mzee.

Msitu wa Kyamunene ulibakiza wiki tatu ufyekwe, ipandwe mikaratusi. Mama mmoja akashikilia kwamba mle mna mdudu asiyepatikana kwingine: kijani kama senene, ila wimbo wake mbali kabisa. Mtaalamu wa wadudu mjini akasema, "Nileteeni. Akiwa wa jenasi nyingine, yaani ukoo mwingine wa wadudu, nitaandika barua msitu usiguswe."

Mama akapeleka kopo tele. Lakini mkono uliozoea kuandaa senene wa kukaanga una mazoea yake: wote walikuwa wamenyonyolewa mbawa na miguu, na chumvi juu! Mtaalamu akawageuzageuza, akaandika: senene wa kawaida. Mapanga yakaanza kunolewa.

Mama akarudi msituni, akamtia mmoja mzima ndani ya kibuyu, akakitua mezani kwa mtaalamu.

"Mama, hili tulishalimaliza."

"Hujalimaliza, mwanangu. Ulipima kitoweo. Sasa msikilize mwenyewe."

Katika giza la kibuyu mdudu akadhani jua limezama. Akaimba, wajukuu zangu, hata kioo cha dirisha kikapasuka! Mtaalamu akamkunjua mbawa, akachungulia vijino vya mbawani anavyosugua ili kuimba. Havikuwa vya senene. Akafuta jina la zamani, akamhamishia jenasi nyingine. Barua ikatoka. Msitu ule upo hadi leo.

"Babu," akauliza Kokwijuka, mjukuu mkubwa, "mama aliyejua wimbo wa mdudu, amnyonyoe mbawa mwenyewe?"

Mzee akakohoa. Jikoni sufuria ikanyamaza.

"Mjibu mtoto, Ta Rwegoshora!" Ma Byera akatokea mlangoni. "Kibuyu nilibeba mimi. Kopo nilikutuma wewe ulipeleke. Nani alinyonyoa?"

"Mke wangu, nilidhani mtaalamu ana njaa..."

Wajukuu wakaangua kicheko. Ma Byera akalivuta gunia mpaka miguuni pake. "Hata hadithi umeinyonyoa, isijulikane ni ya nani. Kaa chini."

Mzee akakaa, akamchukua wa kwanza, akamtazama mbawa kwa makini kabla ya kuzing'oa. Wa kumi na tatu akamweka sikioni, kisha akainuka, akamwachia dirishani.

"Huyu vipi?" Ma Byera akauliza.

"Nina wasiwasi naye," akasema mzee. "Senene aliyenyonyolewa hana ukoo."