Kwa Nini Picha za Kilongoni Zina Majina Kifuani

Zamani, picha za watu wa Kilongoni hazikuwa na maandishi yoyote. Mtu alikaa kitini, akatazama kamera, siku ya pili akachukua sura yake na kwenda zake.

Mpiga picha wetu wa kwanza alikuwa Farijala bin Songoro. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na picha ilishika kwanza kwenye kioo, ndipo ikatolewa kwenye karatasi. Alikuwa mtu wa taratibu. Alikutengenezea ukosi, akakuambia, "Kaa unavyojijua."

Ndivyo alivyokaa Bibi Zafarani, mkunga wa mji mzima, amevaa nguo nyeupe, kipini puani. Picha ile alitaka wajukuu wabaki nayo.

Lakini dawa za kusafishia picha zilikuwa kwenye duka la Mzungu mmoja, na Farijala alisafisha vioo vyake huko. Yule Mzungu akatoa nakala zake kimyakimya. Haukupita muda, Zafarani akajiona stesheni, amepangwa pamoja na kadi za kuuziwa abiria. Akamwomba karani amsomee yaliyo chini ya picha.

"Mjakazi," karani akasoma.

Mama yake Zafarani alikuwa mtumwa kweli. Yeye alizaliwa huru, na mama alikufa akiomba mwanawe asiitwe hivyo kamwe. Akainunua ile kadi, akaenda nayo kwa Farijala.

"Umeniuza?"

Farijala aliitazama ile kadi. Alitoka mbio mpaka dukani. Mzungu akacheka: "Jina lake nani analitaka?" Farijala akampiga kikumbo, akabeba vioo vyake vyote, akarudi navyo. Akakiinua cha Zafarani akibamize chini.

"Usivunje!" Zafarani akafoka. "Ukivunja, itabaki ile yao tu. Niandike jina!"

Farijala akachukua sindano, akakwangua kioo palepale kifuani, herufi kinyumenyume ili karatasini zisomeke sawa: ZAFARANI.

"Na la mama."

BINTI TABU.

Mzungu alimfungisha Farijala kwa kile kikumbo. Alipotoka gerezani alikwangua vioo vilivyobaki, kimoja kimoja, hasira haijampoa.

Na toka hapo, hakuna picha ya Kilongoni isiyo na jina kifuani, iwe ya harusi au ya mtoto mchanga. Wageni hutuambia tunaziharibu. Na sisi ambao bibi zetu walikuwa watumwa, la bibi ndilo tunaloliandika kwanza, kwa herufi kubwa.