Kadi ya Mwisho ya Kondo Mlango-Chuma

Mbaruku, tajiri wa mashine ya mpunga, alikuwa akikusanya kadi za kipa Kondo Mlango-Chuma, zile zilizotoka zamani kwenye pakiti za bablishi. Alikosa moja tu, na aliyekuwa nayo ni mpangaji wake Mashavu, muuza vitumbua.

"Nipe kadi au uhame leo," alisema.

"Kadi peke yake, Bwana Mbaruku? Humu ndani kuna masalia mengine ya Kondo."

Mbaruku alimeza mate. "Yote yangu!"

"Basi tamka mbele ya mjumbe wa mtaa, nisije nikageuziwa kibao."

Mjumbe aliitwa, akaja na kitumbua mdomoni.

"Chochote kilichobaki cha marehemu Kondo humu ndani nitakitunza kwangu mpaka nife!" Mbaruku aliapa.

"Hata kama kimechakaa?"

"Uchakavu ndio utamu wake!"

"Hata kikinuka dawa ya kuchua?"

"Nitalala nacho!"

"Hakirudishwi?"

"Abadani!"

Mashavu akamkabidhi kadi, kisha akagonga mlango wa chumba cha uani. "Babu Kondo, funga virago. Umepata makao."

Akatoka marehemu mwenyewe, yu hai, mgongo umepinda, glavu mikononi, kuku wawili kwapani. Alimpokonya Mbaruku kadi, akamrudishia Mashavu.

"Vitu vyangu nagawa mwenyewe," alisema, akamgeukia Mbaruku. "Haya mwanangu, twende. Ila kitandani lala upande wa ukutani. Usingizini huwa nadaka penalti."