Kicheko cha Shamimu

Sogeeni karibu. Mwenye simu aizime kwanza, maana hadithi ya leo huenda imo humo humo ndani, na sitaki ianze kulia kabla sijamaliza kuisimulia. Na wewe unayetabasamu hapo nyuma, tulia, hii si ya kuchekea.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Mkwinda alikuwa na kipaji cha kusikia: ujana wake wote alizunguka vijijini kurekodia kituo kimoja cha redio, mashine begani, na akipita nyuma ya ua alijua sauti ipi aipite na ipi asimame airekodi. Nandonde, prodyuza wa Masasi mjini, alikuwa na kipaji cha kukata na kuunga: mpe mlango unaolia, atakutolea biti. Asumini alikuwa na kipaji cha maneno. Akiyaweka juu ya muziki, watu wanayaimba kabla hawajayaelewa.

Alikuwepo pia Bi Somoe. Huyu hakuwa na kipaji cha kutangazwa. Alikuwa na mtoto.

Miaka ishirini na mbili iliyopita Mkwinda alimkuta Bi Somoe uani kwake, anabangua korosho huku anamwimbia bintiye Shamimu, wa miaka mitatu, wimbo wa kumlaza alioutunga mwenyewe. Jiwe linagonga, mama anaimba, na mstari wa tatu ulipofika, mtoto, badala ya kulala, akaangua kicheko. Mkwinda akaomba ruhusa arekodi kwa ajili ya kipindi cha redio, akapewa. Akaandika kwa penseli juu ya boksi la kanda: Somoe Chilemba, na jina la kijiji.

Miezi miwili baadaye Shamimu alikufa kwa homa. Mama yake hakuuimba tena wimbo ule.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi.

Mkwinda alijua jina. Alipostaafu alikwenda na kanda zake studio kwa Nandonde, akamwambia, "Chukua, mwanangu, zisije zikaoza na mimi." Jina lilikuwa pale juu ya boksi, na ruhusa aliyopewa ilikuwa ya redio tu, siyo ya studio. Hakulisema. Aliona kusema ni kazi ya anayetumia. Na aliporudishiwa kanda ya Bi Somoe, kwa kukosa kanda tupu, akarekodi juu yake maulidi ya mjukuu wake.

Nandonde alijua sheria. Alikuwa amekaa kwenye semina siku mbili nzima akafundishwa kwamba ukichukua sauti ya mtu, hata ya pumzi mbili, unamtafuta mwenyewe na kumwomba. Alikata sekunde tisa: jiwe, mstari wa tatu na kile kicheko. Zilizobaki akazifuta, kompyuta ilikuwa imejaa. Boksi akalitia kwenye pipa la taka. Kwenye fomu ya kusajili wimbo, palipoulizwa sauti ile ni ya nani, akaandika: "Ya asili. Mwenyewe hajulikani."

Asumini alimjua mwenye sauti. Alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwa Bi Somoe. Aliposikia biti ile studio akaitambua sauti hapo hapo. Lakini kulikuwa na waimbaji wengine wawili wanaisubiri biti ile ile mlangoni. Akanyamaza, akaimba, na akaimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba.

Wimbo ukatoka na majina yao matatu, hata la Mzee Mkwinda aliyetoa kanda, ukashika. Haikuwepo harusi wala saluni ambako haukupigwa. Watu walikuwa wanasimama kucheza wakingoja kile kicheko, na kikitoka wanapiga kelele zote kwa pamoja na kuruka.

Bi Somoe aliusikia mchana, kwenye harusi ya mpwa wake, akiwa anapakua pilau. Mwiko ulimbakia mkononi. Kicheko kilipotoka watu wakaruka, akaenda mpaka kwenye spika, akaweka sikio. Kisha akageuka na kuuliza, tena kwa sauti ndogo, "Nani amemwamsha mwanangu?"

Waliomsikia walidhani amechoka na moto.

Hapo wimbo ulikuwa unashindania tuzo kubwa. Ndugu wa Bi Somoe wakalalamika, na waandaaji pamoja na ofisi iliyosajili wimbo wakasema: bila saini ya mwenye sauti, wimbo unatolewa kwenye mashindano na kufutwa kila mahali. Ndipo wote watatu wakaikumbuka njia ya kwa Bi Somoe. Walikaa mkekani, wasitazamane.

"Bila mimi, sauti ile ingeishia uani," alisema Mzee Mkwinda. "Nimekosa, dada yangu, lakini niliitunza miaka yote."

"Bila mimi, mama, ingeozea kwenye kanda," alisema Nandonde. "Sasa nchi nzima inamjua."

"Inamjua nani?" aliuliza Bi Somoe.

Asumini alikuwa analia tangu wameketi. "Mama Shamimu," alisema, "siku ile mlipokuwa mnarekodi, nilikuwa nyuma ya kinu. Nilikuwa namfanyia vituko. Bila mimi asingecheka."

Bi Somoe alimgeukia. "Kwa hiyo wewe ulijua mpaka kicheko chenyewe."

"Nilijua."

Kisha Bi Somoe akamwomba Mzee Mkwinda ile kanda. Mzee akamweleza habari za maulidi. Akamwomba Nandonde sauti nzima. Nandonde akamweleza habari za kompyuta. Hapo mama akaelewa kwamba mwanawe amebaki sekunde tisa tu, na zenyewe zimo ndani ya wimbo wa kuchezea. Akiukataa, zinafutwa. Akiukubali, watu wataendelea kuruka.

Jamani, mimi hapa huwa nashikwa na hasira, naomba mnivumilie.

Akakusanya vikombe vya chai waliyokaribishwa. Ndipo akasema, "Nitasaini. Ila wimbo una majina matatu. Moja litoke, likae la Shamimu."

"Mama, tuongeze tu la nne," alidakia Nandonde. "Nafasi ipo."

"Kuongeza hakumuumizi mtu. Nataka mmoja wenu naye asikie kazi yake inapigwa kila mahali na jina lake halimo."

Wakaanza pale pale kunyoosheana vidole. Aliyejua jina akasema aliyejua sheria ndiye aliyepaswa kuuliza. Aliyejua sheria akasema angeulizaje asiyemjua, wakati aliyemjua amesimama mbele ya maiki anaimba. Aliyemjua akasema yeye aliletewa sauti ikiwa imeshakatwa. Na kila mmoja, ukimsikiliza peke yake, unaona ana haki.

Bi Somoe ameshika kalamu, karatasi iko magotini kwake. Wamemwachia yeye aamue, na yeye anasema hawezi, maana wote watatu walikuwa na njia ya kufika kwake. Mimi nimeshaamua mara tatu, na kila mara nimejuta.

Sasa kalamu nakupa wewe. Mmoja alijua jina, mmoja alijua sheria, mmoja alimjua mama. Je, ungelifuta jina la nani? Na ukishalifuta, wimbo ukipigwa kwenye harusi yako, kicheko kikatoka, utacheza?