Herufi Moja Iliyokosekana Kwenye Gombo

Soma hadi mwisho, ndugu yangu, kisha mpelekee yule mwepesi wa kunyooshea watu vidole.

Katika mji mmoja wa Wayahudi, juu milimani, iliibwa taa ya fedha ya sinagogi. Wazee wakamwendea Mwalimu Azaria. Huyu alisifika kwa kusoma siri za Torati: huanzia herufi ya kwanza, huruka saba, huchukua ya nane, hivyo hivyo mpaka maneno yaliyojificha yajitokeze. Na sifa, jamani, alikuwa anazipenda!

Akahesabu siku tatu. Siku ya nne likajitokeza jina: Elifazi, mfua shaba.

"Mwalimu, si wewe uliyeniozesha?" Elifazi akalia. "Leo mimi mwizi? Niulize basi nilikuwa wapi!"

Moyo ulimuuma Azaria. Lakini mji mzima ulikuwa unamtazama, akaona aibu kurudi nyuma.

"Torati haisemi uongo," akasema.

Elifazi akafukuzwa siku ileile, na theluji inaanguka. Wachungaji wa kondoo walimkuta njiani amekufa kwa baridi, mikono ameifumbata kwapani. Maskini ya Mungu.

Theluji ilipoyeyuka, akaja mwandishi wa magombo kulikagua gombo la Torati la sinagogi, maana ndiyo desturi yao: ikikosekana hata herufi moja, halifai kusomwa. Hakufika mbali. Akaweka kidole.

"Hapa aliyenakili aliruka herufi."

Azaria akalivuta gombo. Akahesabu upya, safari hii akiitia ile herufi mahali pake. Jina la Elifazi halikutokea. Akarudia tena huku jasho linamtiririka. Wapi!

Mwandishi alidhani mzee analihofia gombo. "Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Tone moja tu la wino, na gombo linakuwa halali tena."

Serahi, mjane wa Elifazi, alikuwa mlangoni na ufagio wake. Ndiye aliyekuwa akifagia pale, na yote aliyasikia.

"Na mume wangu, Mwalimu," akauliza, "yeye atahitaji matone mangapi?"

Azaria akalikunja gombo. Hakuhesabu herufi tena mpaka alipozikwa.

Funzo: Kosa la kwenye gombo hurekebishwa kwa wino, lakini uhai uliopotea haurudi. Kabla hujamhukumu mtu kwa mambo ya kufichika, muulize mwenyewe, na umsikilize.