Nani Aliyemfikisha Mzee Haule?

Bisha! Anayetaka kubisha abishe sasa, maana nikishaanza sitaki kelele. Gari lilikodiwa kwa siku moja tu, na mpaka leo ndugu watatu hawaelewani kwa sababu yake. Unacheka? Cheka. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini fumbo hili nimewapelekea hata waliovaa majoho, wakabaki wanakuna vichwa.

Walikuwa watoto wa Mzee Haule. Menrad, mkubwa wao, alikuwa na mali: pikipiki ya kubebea abiria. Hilo ndilo shamba lake, na ndizo sare za shule za wanawe. Skolastika, wa kati, alikuwa na ulimi wa kuuliza. Hanunui kiberiti bila kuuliza njiti ni ngapi. Otmar, kitindamimba, alikuwa na mikono. Jamani, yule kijana anaendesha! Weka kikombe cha chai mbele ya usukani, apite nacho kwenye mawe, chai isimwagike hata tone.

Basi, baba yao alilazwa hospitali, Njombe mjini. Daktari akawaita pembeni, akawaambia dawa zimefika mwisho. Walipomweleza mzee, hakulia. Alisema, "Nipelekeni nyumbani. Sitaki kufia kwenye kitanda chenye namba."

Nyumbani ni Ludewa, ng'ambo ya milima, na kwenye basi asingeweza kukaa. Wakaenda kukodi gari.

Mwenye magari, Bwana Kihwele, akawaonyesha Noah nyeupe. "Elfu themanini kwa siku." Menrad akachekelea, akaanza kuhesabu noti. Skolastika akamshika mkono.

"Ngoja, kaka. Bwana Kihwele, siku yako inaishia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni. Ikipita hapo, ni siku ya pili."

"Mafuta?"

"Yenu. Mnalichukua na nusu tangi, mnalirudisha na nusu tangi."

"Na kilometa?"

Kihwele akakohoa. "Zina kikomo. Mkizidisha, kila kilometa ina bei yake."

"Likirudi na tope?"

"Kuosha ni juu yenu. Dereva wangu naye ana posho na chakula. Halafu kuna dhamana, likikwaruzwa nisije nikalia peke yangu."

"Kumbe hiyo elfu themanini ni ya kufungua mlango tu!"

"Dada, wewe umeolewa?"

"Nimeolewa, na mume wangu nilimuuliza maswali mengi kuliko haya."

Akabishana naye mpaka kikomo cha kilometa kikafutwa, na kuosha wakakubaliana wataosha kwa mikono yao, bila kulipa. Bila ulimi ule, pesa yao ingetosha kwenda tu, kurudi wangelisukuma.

Lakini dhamana Kihwele hakulegeza. Pesa ya dhamana hawakuwa nayo. Menrad akaiangalia pikipiki yake kama mtu anayemuaga mtoto, akatoa ufunguo, akauweka mezani. "Ibaki hapa. Baba aende." Bila pikipiki ile, gari lisingetoka getini.

Posho ya dereva nayo ilikuwa imebaki. Otmar akatoa leseni yake. "Dereva ni huyu hapa." Wakang'oa viti vya nyuma, wakatandika godoro. Menrad akabaki mjini kuwatafutia mkewe na watoto mkate wa siku ile. Skolastika akapanda nyuma, akakilaza kichwa cha baba mapajani. Otmar akaendesha kama anayebeba mayai. Kila shimo alilikwepa, na kila mlima aliupanda taratibu, maana pumzi ya mzee ilikuwa uzi mwembamba. Bila mikono ile wangefikisha maiti.

Wakafika. Mzee akalazwa kwenye chumba alichokijenga mwenyewe, akagusa ukuta kwa kiganja. Mdogo wake alikuwepo, na jirani pia. Akasema, kila mtu akasikia, "Aliyenifikisha, nyumba hii ni yake." Akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Gari lilirudi Njombe giza limeshaingia. Matope yalituchelewesha, alisema Otmar. Kihwele akahesabu siku ya pili, pesa yake hawakuwa nayo, na pikipiki ikabaki kwake. Menrad akatembea kwa miguu kwenda kumzika baba mpaka alipopata lifti.

Baada ya matanga, baba yao mdogo akashika ufunguo wa nyumba. "Semeni wenyewe. Ni nani?"

"Bila pikipiki yangu msingepewa gari," alisema Menrad.

"Bila maswali yangu mngekwama njiani," alisema Skolastika.

"Bila mikono yangu asingefika na uhai wa kusema neno lile," alisema Otmar.

Na wote watatu walisema kweli.

Ninyi mnaojua kila kitu, amueni. Ila msikimbilie kunyoosha mikono, kuna kipande nimekiruka. Otmar ni mimi.

Na siku ile barabara ilikuwa kavu. Tulipofika kileleni, baba alisema, "Simamisha, nione kwetu." Nikasimamisha, nikamwinua. Alitazama mianzi, akatazama moshi wa majiko ya watu chini bondeni, akawa anawataja wenye majiko mmoja mmoja. Skolastika alininong'oneza, "Otmar, jua linakwenda, pikipiki ya kaka." Nikamwambia baba twende. Akasema, "Bado." Nikaizima injini.

Menrad bado anaamini ni matope. Juzi nimemwona amebeba gunia la mkaa begani, barabara ile ile aliyokuwa akipita na abiria.

Haya, nyie wenye akili. Nilikuwa ninamfikisha baba, au nilikuwa ninamchelewesha kaka? Na ule ufunguo wa nyumba, ungekuwa mkononi mwako, ungempa nani?