Mahakama ya Bwana Crale

Enzi za magari ya kukokotwa na farasi, huko Ohio, Marekani, tajiri Hobart Crale alijenga ua akaziba njia pekee ya kwenda mtoni. Ng'ombe wa wanakijiji wakashikwa na kiu. Wenyewe wakamlilia Lysander Pike, wakili wao aliyekuwa pia mbunge wao.

Lysander akamwendea Crale, kofia mkononi.

"Umekuja kunishtaki?" tajiri akafoka.

"Nikushtaki wewe, bwana mkubwa? Nimekuja kukuomba kiwanja. Wilaya inataka mahakama, nami nataka iitwe kwa jina lako."

Crale akalainika. "Ijengwe wapi?"

"Kule mtoni ndiko kwenye mandhari ya hadhi yako."

Crale akatoa kiwanja papo hapo. Bunge likapitisha sheria ya mahakama hiyo, Crale akipiga makofi, nayo ikajengwa.

Siku ya ufunguzi, kijiji kizima kilifika kwenye lango la ua na mifugo yake. Crale akawazuia, ameshika bunduki.

"Rudini!"

"Wanakwenda mahakamani, bwana," Lysander akasema. "Sheria uliyoipigia makofi inasema njia ya mahakamani ni ya watu wote."

"Na hawa ng'ombe?"

"Mashahidi hao. Wapishe wakanywe maji kwanza, makoo yamewakauka."