Baba wa Kipimo

Kipimo hakina shemeji, ila kina baba. Mmeisikia methali hiyo sokoni, mkaicheka, kisha mkaja kuniuliza tangu lini kipimo kikawa na baba. Basi kaeni. Hii si ya mababu wa kale. Waliokuwapo ikizaliwa wengine wangali hai, na ilizaliwa hivi.

Korogwe kulikuwa na wazee waliostaafu kwenye shamba la mkonge, kila mmoja na mafao yake. Mmoja aliitwa Semkiwa. Fedha yake haikuwa yake hasa. Ilikuwa ya mkewe, Bi Zuhura, aliyesimama kwenye mashine ya brashi ya kusafishia nyuzi za katani, katikati ya vumbi, hadi mapafu yakachoka. Wakubwa walimzungusha, leo njoo, kesho njoo, mpaka wakamlipa akiwa marehemu. Ndivyo walivyo: ukiumwa hawakujui, ukifa wanakaa viti vya mbele. Semkiwa akaapa fedha ile haitaliwa. Ilikuwa ya kumsomesha uuguzi binti yao wa mwisho, Sauda, basi.

Wastaafu wale wakaunda mfuko wa pamoja. Kila mtu anatia chake, Semkiwa akatia ile ya mkewe, fungu lote linanunua hisa za makampuni, na faida wanagawana kwa kadiri kila mmoja alivyotia. Mwenyekiti wao alikuwa Mbelwa, karani mkuu wa zamani, mtu wa suti hata kwenye jua la utosi. Mwanzoni hisa zilinunuliwa kwa macho yake. Kampuni ya rafiki, nunua. Kampuni iliyomkaribisha chai nzuri, nunua. Mfuko ukakonda. Wanachama walipopiga kelele ndipo akaajiriwa mtaalamu, Fadhila, binti mpole aliyekuja na kompyuta.

"Wazee wangu," Fadhila aliwaeleza, "hapa hatuchagui kwa moyo. Kompyuta inaipima kila kampuni kwa vipimo vilevile: faida inapanda au inashuka, deni likoje, bei ya hisa ni ya haki au imepandishwa na maneno ya watu. Inazipa alama. Za juu tunanunua, zikishuka tunauza. Haimpendi mtu, haimchukii mtu."

"Na ikikosea?" aliuliza Bi Mwantumu, mstaafu ambaye ulimi wake ulikuwa haujastaafu.

"Itakosea, mama. Inajua yaliyopita tu, ya kesho inakisia. Ila haitaogopa, wala haitashikwa na tamaa."

Mfuko ukaanza kunona. Hata Semkiwa, ambaye hakuwaamini wakubwa hata wakimwambia mvua inanyesha naye keshalowa, akaanza kupata usingizi.

Ukaja mkutano wa mwaka. Orodha ya kampuni ilimulikwa ukutani, na juu kabisa ilikaa kampuni moja ya kukamua mafuta ya alizeti. Ukumbi ukanong'ona. Nani hakujua kwamba mkurugenzi wake kamwoa dada yake Mbelwa? Na Mbelwa alitaka nusu ya mfuko iingie humo, mikono inyooshwe sasa hivi.

"Mwenyekiti, si kwa shemeji yako huko?" Bi Mwantumu alipaza sauti. "Au tunamsaidia kumalizia mahari?"

Watu wakaangua kicheko. Mbelwa hakutikisika.

"Jamani, mimi nimechagua nini? Imechagua kompyuta. Na kipimo hakina shemeji!"

Neno likawaingia. Mikono ikaanza kunyooka, mmoja, mwingine, safu nzima. Semkiwa aliitazama ikipanda, akaona ada ya Sauda na jasho la mama yake vinapanda nayo kwenda zao. Akasimama.

"Mwenyekiti, ngoja kwanza."

"Mzee Semkiwa! Nawe umekuwa fundi wa kompyuta?"

"Kompyuta siijui. Naijua fimbo." Akageukia watu. "Mnaikumbuka fimbo ya kupimia majani ya mkonge? Jani likiwa fupi kuliko fimbo, halihesabiwi. Ile fimbo haikuwa na ndugu, ilitukataa wote sawasawa. Kumbe msimamizi kaikata ndefu makusudi, atupunje ujira. Fimbo ilikuwa na kosa gani? Sasa, binti yangu Fadhila, nisomee hivyo vipimo kimoja kimoja, na kila kimoja uniambie nani kakizaa."

"Tutachelewa chakula," alisema Mbelwa.

"Pilau haina miguu!" mtu akajibu kutoka nyuma. "Soma, binti!"

Fadhila akasoma. Faida, hicho changu, mzee. Deni, changu. Bei ya hisa, changu pia. Kisha akatazama viatu vyake.

"Soma, mwanangu. Hapa hakuna wa kukupiga."

"Kampuni iwe na kiwanda katika mkoa wetu. Hiki kimepewa alama nyingi kuliko vingine vyote."

"Baba yake nani?"

"Niliambiwa ni uamuzi wa kamati. Aliyeniletea ni Mwenyekiti."

"Kamati ipi?" mjumbe mmoja wa kamati ya mfuko aliruka kitini. "Kamati si ndiyo sisi? Mimi sijasikia!"

Mbelwa akaanza kueleza habari za kuupenda mkoa. Wakubwa wakibanwa hukumbuka uzalendo. Semkiwa hakumngoja.

"Kiondoe, binti, upime upya. Mwenyekiti, umesema kweli, kipimo hakina shemeji. Ila kina baba!"

Fadhila akabonyeza. Majina yakajipanga upya mbele ya macho ya watu wote, na ile kampuni ya mafuta ikashuka, ikashuka, ikaenda kukaa mkiani kabisa, deni lake limeimeza faida. Bi Mwantumu akapiga kigelegele, ukumbi mzima ukadaka. Mikono ikanyooka tena, safari hii kumng'oa Mbelwa, na hakukuwa na haja ya kuihesabu.

Kampuni ile ilifungwa kabla alizeti ya msimu uliofuata haijavunwa. Senti ya wastaafu haikuwamo. Mfuko wao hadi leo una mwaka wa kupanda na mwaka wa kushuka, soko ndilo hivyo. Lakini hasara ikija ni hasara, si wizi. Sauda anavaa sare ya uuguzi. Na kila mkutano wa mwaka, vipimo husomwa kwa sauti, na aliyekizaa kila kimoja husimama aonekane.

Basi vijana wangu, siku mkubwa atakapowaambia mashine imeamua, msigombane na mashine. Muulizeni aliyeikatia fimbo. Kipimo hakina shemeji, ila kina baba.